Hakupata C+? Chuo cha umma mjini kingali na nafasi yake

KILA matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, picha tunazoziona magazetini ni zilezile: mzazi kabebwa juu juu, mwalimu mkuu anasakata ngoma na mtahiniwa aliyepata A anaeleza jinsi anavyotamani kuwa daktari. Lakini wewe msomaji unajua kwamba katika nyumba nyingi siku hiyo huwa ya kimya. Mtoto amepata C-, au D+, au D. Baba ametoka nje bila kusema neno. Mama anasonga ugali ambao hakuna atakayeumaliza.

Ikiwa hali hiyo imewahi kubisha hodi kwako, makala haya ni yako.

Kwanza, ondoa dhana kwamba mtoto wako yuko peke yake. Mwaka 2023 watahiniwa 899,453 walifanya KCSE na waliofikisha C+ na zaidi, gredi ya kuingilia chuo kikuu moja kwa moja, walikuwa 201,133. Mwaka 2024 walifanya 962,512 na waliofikisha kiwango hicho wakawa 246,391. Kwa hesabu ya haraka, ni kama mtoto mmoja kati ya kila wanne. Waliobaki mwaka huo pekee walikuwa zaidi ya 700,000. Je, hao wote ni wajinga? Hasha! Na je, waende wapi?

Wengine hurudi kukariri masomo. Wengine hukaa nyumbani mwaka wa kwanza, wa pili, hata wakaozwa au wakazoea vijiwe. Na wengine hupelekwa mbio kwenye chuo chochote chenye bango kubwa mjini, mzazi akiwa ameuza ng'ombe au kukopa chamani, bila kuuliza kama chuo chenyewe kinatambuliwa. Hiyo ndiyo hasara inayoumiza zaidi, kwani huondoka na pesa na wakati pamoja.

Lakini kuna mlango mwingine ambao wengi huupita wakiutazama tu: vyuo vya kiufundi na vyuo anuwai vya umma.

VYUO HIVI SI VYA JANA

Kuna wazazi wanaodhani kwamba vyuo hivi vilibuniwa juzi kwa ajili ya walioanguka mtihani. Sivyo. Chuo Anuwai cha Kitaifa cha Kabete, kilicho pembeni mwa jiji la Nairobi, kilianzishwa mwaka 1924 wakati wa ukoloni. Huko ndiko Waafrika walikofunzwa useremala, uashi na uhunzi wakati ambapo nafasi za kusoma zilikuwa za kuhesabika. Kimebadilisha jina mara kadhaa, na mwaka 2016 kikapandishwa hadhi kuwa chuo anuwai cha kitaifa.

Kenya Polytechnic, ambayo wengi wetu tuliizoea katikati ya Nairobi, ilianza mwaka 1961. Mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya. Kule Mombasa, taasisi iliyojulikana kama MIOME, iliyoanzishwa kuwapa Waislamu wa pwani mafunzo ya kiufundi, ilikua ikawa Mombasa Polytechnic na hatimaye, mwaka huohuo wa 2013, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Ukiuliza waliojenga, waliofunga nyaya na waliotengeneza mitambo ya nchi hii baada ya uhuru walisomea wapi, mara nyingi utaelekezwa kwenye malango haya. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Leo kuna vyuo anuwai vya kitaifa Kisumu, Eldoret, Nyeri, Meru, Kisii, Kitale, Sigalagala, Garissa na Mombasa, mbali na vile vya Nairobi. Juu ya hivyo, Serikali imejenga vyuo vya kiufundi katika maeneo bunge mengi. Kwa hiyo si lazima mtoto wa Busia aje kupanga chumba Nairobi ili asomee umeme. Lakini ikiwa anaishi mjini, au ana shangazi wa kumpa kitanda huko, chuo cha mjini kina faida ya kuwa karibu na viwanda, hoteli na ofisi ambako atatafuta nafasi ya mazoezi ya kazi.

GREDI GANI YAINGIA WAPI?

Hapa ndipo wazazi wengi hukosa habari. Ngazi zimepangwa hivi: anayetaka kusomea diploma huhitaji angalau C-. Anayetaka cheti cha ufundi huhitaji D. Aliyepata D- au hata E ana kozi za fundi wa mwanzo, zile ziitwazo atizani. Kozi fulani huongeza masharti yake, kwa mfano gredi ya hesabu au ya fizikia kwa mambo ya uhandisi, kwa hivyo soma maelezo ya kila kozi kabla ya kuichagua.

Katika mtaala mpya unaopima ujuzi badala ya kukariri, utasikia vyuo vikitaja ngazi kwa nambari. Usitishike. Ngazi ya 6 ni diploma, ya 5 ni cheti cha ufundi na ya 4 ni atizani. Katika mtaala huo mwanafunzi hapangwi wa kwanza hadi wa mwisho. Hupimwa kama anaiweza kazi au bado, na akiwa bado, hurudi kujifunza na kupimwa tena.

Uzuri wa ngazi hizi ni kwamba zinapandika. Aliyeingia na D akamaliza cheti anaweza kuendelea na diploma, na mwenye diploma anaweza kuomba nafasi ya shahada katika vyuo vikuu vinavyoikubali diploma hiyo. Ni safari ndefu kuliko ya mwenzake aliyepata C+, lakini njiani ana faida moja: kila kituo anachofika huondoka na karatasi na kazi ya mikono.

JINSI YA KUTUMA MAOMBI

Shirika linalowapangia wanafunzi nafasi katika vyuo vya umma ni KUCCPS, lililochukua mahali pa ile bodi ya zamani iliyoitwa JAB. Tofauti ni kwamba JAB ilishughulika na vyuo vikuu tu, ilhali KUCCPS huwapangia pia wa vyuo vya kiufundi.

Maombi hufanywa kupitia intaneti. Mtahiniwa huingia kwa kutumia nambari yake ya mtihani wa KCSE na mwaka alioufanya. Nywila ya kwanza huwa ni nambari ya cheti cha kuzaliwa au nambari ya mtihani wa KCPE, ile aliyoiandikisha alipojisajili kwa KCSE. Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kumpeleka mtoto saiba, hakikisha amebeba karatasi hizo. Wengi wamefunga safari mara tatu kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa kilichosahaulika sandukuni kwa nyanya.

Huhitaji wakala. Tunarudia: huhitaji wakala. Mtu anayekuambia umpe kitu kidogo ili "asukume jina" anakuibia. Nafasi hutolewa kwa gredi na kwa chaguo la mwanafunzi.

Waliomaliza shule zamani nao wasikate tamaa. Nafasi za vyuo vya kiufundi hazijafungwa kwa waliomaliza mwaka uliopita pekee. Mama aliyefanya KCSE miaka kumi iliyopita kisha akalea watoto anaweza kuomba. Isitoshe, vyuo hivi hupokea wanafunzi zaidi ya mara moja kwa mwaka, aghalabu Januari, Mei na Septemba. Ukikosa basi la Januari, la Mei laja.

Je, inawezekana kwenda moja kwa moja langoni na kuomba fomu? Ndiyo, vyuo vingi huwapokea wanafunzi kwa njia hiyo. Hata hivyo, muulize msajili jinsi jina litakavyoingizwa KUCCPS, kwani njia hiyo ndiyo humfungulia mwanafunzi mlango wa kuomba ufadhili wa Serikali. Wapo walioingia kwa mlango wa kando, wakaja kugundua baadaye kwamba hawawezi kupata mkopo mpaka mambo yao yanyoroshwe.

TUHESABU PESA

Sasa tufike kwenye jambo linalowakosesha wazazi usingizi. Kuanzia mwaka 2018 karo ya vyuo vya kiufundi vya umma ilisawazishwa kuwa Sh56,420 kwa mwaka. Serikali ilimlipia kila mwanafunzi Sh30,000, mzazi akabaki na Sh26,420. Ukizigawa kwa mihula mitatu, ni chini kidogo ya Sh9,000 kwa muhula. Na hata hizo mwanafunzi angeweza kuzikopa.

Mwaka 2023 utaratibu ulibadilishwa. Karo ilitajwa kuwa Sh67,189 kwa mwaka, na badala ya kila mtu kupewa kiasi kile kile, ikaamuliwa kwamba ufadhili utolewe kulingana na uwezo wa familia: sehemu iwe msaada usiorudishwa, sehemu mkopo, na sehemu itoke mfukoni mwa mzazi. Utaratibu huo ulizua mabishano makubwa na ukafikishwa mahakamani. Ndiyo maana twakushauri usitegemee jirani alilipa ngapi. Nenda kwa afisa wa fedha wa chuo, omba karatasi ya karo ya mwaka huu, na uulize maswali haya: Je, ada ya mitihani imo au iko kando? Ovaroli na buti ni juu ya nani? Malazi je? Vifaa vya karakana?

Maswali haya si ya kuonea haya. Karo huwa inajulikana, lakini mambo madogo madogo ndiyo humfukuza mtoto katikati ya muhula.

Mkopo hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa na sheria ya mwaka 1995. Mwombaji hutayarisha kitambulisho chake, maelezo na vitambulisho vya wazazi, pamoja na wadhamini. Ikiwa mzazi ameaga dunia, cheti cha kifo kiwe tayari. Jaza ukweli. Familia inayoficha umaskini wake kwa ajili ya fahari hujinyima msaada, na inayodanganya kuwa maskini huichukua nafasi ya yatima.

Na kijana aelewe kwamba mkopo ni deni. Riba ya wanafunzi ni asilimia 4 kwa mwaka. Aliyekopa Sh80,000 atatozwa riba ya Sh3,200 kwa mwaka wa kwanza wa hesabu hiyo, jambo ambalo si mzigo mkubwa kwa mwenye kazi. Mzigo huja kwa anayejificha: sheria yaruhusu faini ya Sh5,000 kwa kila mwezi anaokosa kulipa. Kwa hiyo asiye na kazi bado asinyamaze. Aende aeleze hali yake.

Mbali na HELB, kuna basari za hazina ya maeneo bunge na za kaunti. Fomu zake hutolewa kwa wakati maalumu na hufungwa mapema. Pita kwa chifu au ofisi ya wadi uulize tarehe. Pesa zenyewe huenda zikawa kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba.

JIHADHARI NA VYUO VYA ORODHANI

Ukitembea katikati ya miji yetu utaona mabango ya vyuo kila ghorofa: chini duka la simu, juu kinyozi, juu yake "chuo cha kimataifa". Vingine ni vyuo halali kabisa vya watu binafsi vinavyofanya kazi nzuri. Vingine ni vyumba viwili na kompyuta tano.

Utavitofautishaje? Chini ya sheria ya mwaka 2013, kila chuo cha kiufundi, cha umma au cha binafsi, sharti kiwe kimesajiliwa na mamlaka iitwayo TVETA. Omba uonyeshwe cheti cha usajili, utazame tarehe yake, kisha ulinganishe na orodha ya mamlaka yenyewe. Halafu uliza swali la pili, ambalo wazazi wengi hulisahau: kozi hii hutahiniwa na nani? Majibu yanayoeleweka ni kama Baraza la Mitihani, KNEC; CDACC kwa mtaala wa ujuzi; KASNEB kwa uhasibu; au NITA kwa vipimo vya mafundi. Ukijibiwa kwamba "sisi wenyewe hutoa cheti", chukua mkoba wako uende nyumbani.

Na pesa usimpe mtu mkononi. Lipa kwa akaunti rasmi, uhifadhi risiti.

MAISHA YENYEWE CHUONI

Tuseme mtoto amepata nafasi. Atakuta nini? Asitarajie kasri. Darasa laweza kuwa limejaa. Katika baadhi ya karakana atakuta mashine mpya kando ya nyingine ambayo babake angeitambua. Mabweni hayawatoshi wote, hivyo wengi hupanga chumba karibu na chuo, wawili au watatu pamoja, wakigawana kodi, mafuta ya taa na sufuria. Pesa za mkopo nazo huchelewa. Mwanafunzi mwenye busara huingia muhula akiwa na akiba ya mwezi mmoja, na mzazi mwenye busara humtumia gunia dogo la mahindi na maharagwe badala ya kungoja simu za usiku.

Jambo la pili ni uhuru. Hakuna kengele, hakuna naibu wa mwalimu mkuu mwenye kiboko. Mwalimu atafundisha na kwenda zake. Lakini orodha ya mahudhurio ipo, na anayekosa vipindi vingi huweza kuzuiwa kufanya mtihani. Wanaoanguka vyuoni, aghalabu hawaanguki kwa kukosa akili. Huanguka Jumatatu asubuhi, wakiwa kitandani.

Tatu ni mazoezi ya kazi, ambayo wanafunzi huyaita atachimenti. Kozi nyingi haziishi bila hayo. Mwanafunzi hupelekwa katika kampuni, hoteli, gereji au ofisi kwa miezi kadhaa, akiwa na daftari la kuandika alichofanya kila siku, na mwalimu humtembelea. Nafasi hizi hupiganiwa. Anayesubiri wiki ya mwisho hukosa. Aanze kuandika barua muhula mmoja kabla, na azipeleke mwenyewe kwa miguu. Wapo waajiri wengi ambao humwajiri yule kijana aliyefika mapema, akafagia bila kuambiwa na akauliza maswali.

Nne, aulize kuhusu leseni za kazi yake. Cheti cha chuo si mwisho. Fundi wa umeme, kwa mfano, huhitaji leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA, ili afunge nyaya katika nyumba za watu kihalali. Mafundi wa uhandisi wenye diploma wana bodi yao ya kuwasajili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Anayejua haya mapema hujipanga. Asiyejua huja kushangaa anaponyimwa tenda.

NENO KWA MZAZI

Msomaji mpenzi, vizuizi vikubwa kuliko karo mara nyingi huwa nyumbani. Kuna baba asiyetaka kusikia kwamba mwanawe anasomea ufundi wa mabomba, kwa kuwa aliwaambia wenzake kanisani kwamba atakuwa wakili. Kuna mama anayemcheka binti anayetaka uchomeleaji, ati ataharibu macho na kukosa mume. Tena wazazi hao hao, bomba likipasuka usiku, humpigia fundi simu wakimbembeleza, na humlipa bila kuuliza alipata gredi gani.

Hatusemi kwamba cheti cha ufundi ni hakikisho la kazi. La. Wapo waliohitimu na bado wanatafuta. Lakini kuna tofauti kati ya kutafuta kazi ukiwa na ujuzi mikononi, na kutafuta ukiwa na gredi pekee. Wa kwanza anaweza kuanza na jirani, akaweka mlango wa chuma, akalipwa leo. Wa pili lazima angoje mtu amwite.

Vilevile usimlazimishe. Mtoto anayeogopa urefu usimtie katika ujenzi kwa sababu mjomba ni mkandarasi. Kaeni chini. Muulize anachopenda kufanya anapokuwa hana la kufanya. Nendeni pamoja mkazuru chuo siku ya kazi, si Jumapili. Tazameni karakana: je, wanafunzi wanaonekana wakifanya kazi, au vifaa vimefungiwa kabatini? Ongeeni na wanafunzi langoni. Saa moja ya kuuliza huokoa miaka miwili ya kujuta.

Kisha mfanye uamuzi, na ukishafanywa, ukome kumlinganisha na mtoto wa jirani aliye chuo kikuu. Hakuna kinachomchosha kijana kama kusoma kozi ambayo wazazi wake huitaja kwa sauti ya chini mbele ya wageni.

Kabla ya kukunja gazeti hili, fanya mambo matatu. Tafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto na karatasi yake ya matokeo, uviweke katika bahasha moja. Ulizia tarehe za KUCCPS na za basari ya eneo lako, uziandike ukutani. Halafu mwite mtoto huyo ambaye tangu matokeo yatoke amekuwa akila chakula chake chumbani, umwambie aje mezani mzungumze kuhusu chuo.